Gagulo la Marehemu Kukatiwa Leseni ya Pombe

Kwa Ntate Afisa wa Leseni za Biashara,
Halmashauri ya Ha Rantsane.

Ntate Afisa,

Khotso, amani kwako. Natumaini barua hii itakukuta umekaa. Sisi tuliokuja dirishani kwako tulisimama.

Jina langu ni Lebusa Nthako. Napasua mawe kule machimboni, barabara ya mlimani. Shule niliiacha ng'ombe wa baba walipokosa mchungaji, kwa hiyo nitasema kifupi, na nisipoweka adabu mahali pake, iweke wewe.

Mke wangu 'Makhauta alifariki mwaka jana wakati wa mavuno. Alikuwa anapika pombe ya mtama, na watu wakiinywea uani kwetu. Mimi sipiki pombe. Sijui hata pa kuanzia. Kwangu hamna pombe. Naomba hilo ulishike vizuri, kwa sababu ofisi yako limeishinda.

Nina leseni ya kuuza pombe. Naomba uifute. Na naomba mlingoti wangu uachwe ulipo. Malalamiko yangu ni haya.

1. Gagulo.

Siku za kuvaa nguo nyeusi zilipokwisha, dada zake 'Makhauta walituma salamu kwamba wanakuja kugawana nguo zake, zikutwe safi. Mtoto wetu yuko migodini ng'ambo ya mpaka, binti sina. Nikafua mwenyewe. Kamba ikajaa. Likabaki gagulo moja, jeupe, lenye lesi chini. Nikalitundika juu ya mlingoti uliopo mlangoni.

Mlingoti ule ni wa 'Makhauta. Aliuchimbia mwenyewe tulipohamia pale, na pombe ikiiva ndipo alipokuwa akipandisha kitambaa cheupe. Kwetu kitambaa chekundu ni nyama, cha kijani mboga, cheupe pombe, hata mtoto mgongoni anajua. Toka tumzike, mlingoti ule haukuwa umebeba kitu. Na siku ile mimi sikufikiria bendera. Nilifikiria jua.

Upepo ukatoka milimani. Gagulo likajaa. Ntate, lilionekana mpaka ng'ambo ya mto.

2. Watu.

Wa kwanza kufika alikuwa Ntate Pitso, mzee jirani yangu, na kopo lake chini ya blanketi alilovaa.

"Lebusa," akasema, "tulidhani umetususa."

Nikamwambia hilo ni gagulo. Akatazama juu.

"La nani?"

"La 'Makhauta."

Akavua kofia. Akakaa kwenye jiwe. "Basi tutangoja."

"Mtangoja nini, Ntate Pitso? Hamna pombe."

"Wewe kapike. Sisi hatuna haraka."

Wakaja wengine. Kila niliyemwambia ni gagulo alivua kofia na kukaa. Mmoja akasema mwanamume hatundiki gagulo la mkewe hadharani kama hana jambo la kutangaza. Mwingine akasema, hata kama si pombe, mahali penyewe ni palepale na mawe ya kukalia ni yaleyale. Kufika mchana ua umejaa mablanketi. Nikawapa maji. Wakalalamika kwamba ni mepesi.

Sikuwafukuza. Hilo nakiri. Uani kwangu palikuwa kimya muda mrefu.

3. Mkaguzi wako.

Ntate Khabele alipita na pikipiki. Akaona kitambaa cheupe, akaona wanaume, akaona makopo. Akashuka. Nikamwambia ni gagulo. Akasema sheria haitaji kitambaa kishonwe vipi. Nikalishusha, nikamwonyesha mpira wa kiunoni. Akaandika: bendera nyeupe, moja, yenye mpira. Ntate Afisa, niambie ni nchi gani ina bendera yenye mpira.

Ntate Pitso akataka kunisaidia. Akamwambia, "Mwanangu, andika ukweli. Hapa hatunywi, tunangoja tu." Ntate Khabele akaandika: wateja wanangojea huduma.

Akanipa njia mbili. Nikate leseni, au niung'oe mlingoti, kwa sababu mlingoti ni tangazo la kudumu la biashara. Nikamuuliza, nikiondoa gagulo je? Akasema gagulo anaondoka nalo yeye, ni kielelezo.

Kung'oa mti ule si kazi. Mimi kila siku nang'oa vilivyo vizito kuliko ule. Siung'oi. Hapo sina maneno zaidi. Nikaja dirishani kwako.

4. Dirisha.

Yule mama, 'M'e wa dirishani, alikuwa na adabu na kikohozi. Akauliza nauza nini. Nikasema siuzi kitu. Akasema, "Ntate, wasiouza kitu hawana fungu hapa. Nakuweka kwenye pombe, fungu lake lina nafasi." Nikasema haya.

Akauliza biashara inaitwaje. Nikasema watu wanapaita Kwa 'Makhauta.

"Huyo 'Makhauta ni nani?"

"Mke wangu."

"Aje asaini kwamba anaridhia jina lake litumike."

"Hawezi kuja."

"Yuko wapi?"

"Makaburini."

"Anafanya kazi huko?"

"Hapana, 'M'e. Anakaa."

Akasema pole, na alisema kwa moyo, nilimwona. Kisha akasema, "Basi niletee kitambulisho chake na barua ya kwa nini hawezi kufika." Nikamletea cheti cha kifo. Akakisoma chote, akauliza kama sababu hiyo ni ya muda.

5 na 6. Haya nayaunga kwa sababu yalinipata siku moja.

Nilitakiwa kuleta barua ya chifu kwamba natambulika na majirani hawana pingamizi. Chifu wetu akaniuliza, "Lebusa, toka lini unataka kuuza pombe?" Nikamwambia sitaki. Yeye ni mama asiyependa uongo. Akaandika: mwombaji namjua, ni mtu mkweli, hataki kuuza pombe na hajui kuipika. Akagonga muhuri. Ofisi yako ikaipokea. 'M'e wa dirishani alitazama muhuri tu, akasema uko sawa.

Siku hiyohiyo nikaambiwa ua wangu uwe na vyoo viwili, cha wanaume na cha wanawake, umbali wa kutosha katikati. Nikachimba. Ardhi yetu ni mwamba, nimechimba jioni nikitoka kupasua mwamba mwingine. Watu wa uani walikaa wananitazama. Ntate Pitso akasema, "Leo Lebusa anatuchimbia. Pombe ikija tutakuwa tumeshajiandaa." Hakuna aliyeshika sururu.

Sasa nina vyoo viwili na mtu mmoja. Cha wanawake sina ruhusa ya kuingia, Ntate Khabele ameweka alama mlangoni. Kuku wangu anatagia humo. Ni jike, kwa hiyo yeye hana kosa.

7. Bwana afya.

Akaja kupima pombe. Nikamwambia hamna. Akasema leseni haitoki bila pombe kupimwa. Nikasema basi nipike. Akasema ukipika kabla ya leseni ni kosa, utashtakiwa. Nikamuuliza, wengine wanafanyaje? Akatazama pembeni, akasema wengine wanakuwa nayo tu.

Nikapanda kwa 'Manapo. Huyu ni mama anayepika pombe upande wa juu wa kijiji. Alikuwa mshindani wa 'Makhauta, na wakati wa uhai wake wawili hawa walisalimiana kanisani tu, tena kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia naomba ndoo ndogo ya pombe nimpe bwana afya.

"Kwa nini?"

"Nipate leseni."

"Ya nini?"

"Ya kutokung'oa mlingoti."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akajaza ndoo. Akasema, "Mwambie ni yako. Akiipenda, uje unishukuru. Akiichukia, ni ya 'Makhauta."

Bwana afya akaonja. Akasema hawezi kuamua kwa kikombe kimoja. Akaonja tena kwa kipimo cha pili. Cha tatu akasema ni cha kumbukumbu za ofisi, akakinywa papo hapo. Akaandika kwamba Kwa 'Makhauta pana pombe safi ya kiwango cha juu. Ndoo ikarudi tupu, na watu wa uani waliokuwa wananusa toka mbali walikaribia kunipiga.

8. Leseni yenyewe.

Ikatoka. Nikaibandika ukutani kama ilivyoagizwa. Nikadhani tumemalizana.

Ntate Khabele akarudi siku ya kazi. Akakuta mlango umefungwa, mimi niko machimboni. Wateja wakamlalamikia. Ntate Pitso, jirani yangu niliyempa maji kwa miezi, alisimama akasema kwa niaba ya wote kwamba huduma Kwa 'Makhauta imeshuka sana toka mwenyewe afariki. Ntate Khabele akaniandikia onyo la kufunga biashara saa za biashara. Nikamwambia hata nikifungua hamna kitu ndani. Akasema kufungua ni jambo moja na kuwa na kitu ni jambo lingine. Leseni inasema saa, haisemi kitu.

Kwa hiyo sasa naacha mawe, nakaa mlangoni, nauza hamna. Nafungua hamna asubuhi, nafunga hamna jioni. Msimamizi machimboni amesema mwezi huu nitachagua, mawe au hamna.

9. Mashemeji.

Dada zake 'Makhauta walikuja, wakagawana. Blanketi, viatu vya kanisa, shali. Dada mkubwa akauliza gagulo la lesi liko wapi, maana alilinunua yeye. Nikamwambia liko halmashauri. "Limefuata nini huko?" Nikamweleza. Akasema, "Shemeji, dada yetu alikuwa mtu wa heshima. Hakuwahi kuacha gagulo lake katika ofisi ya wanaume." Hajasema nami toka siku ile. Wadogo zake wamenifanyia vilevile.

Hayo ndiyo yaliyonipata. Sasa sikiliza hoja yangu.

Kama kitambaa cheupe kinachoonekana toka mbali ni tangazo la pombe, bila kujali ni cha nini wala kimetundikwa na nani, basi sheria hiyo iende mbele, isiishie mlangoni kwangu. Watu wa kanisa lile la mavazi meupe hupita hapa kila Jumapili. Mmoja peke yake ni duka. Wakipita wote ni kiwanda. Sijaona wamekatiwa karatasi. Muuguzi wa zahanati anavaa koti jeupe na watu wamepanga foleni mlangoni kwake wanangojea huduma, na hakuna anayemuuliza vyoo. Bibi harusi wa juzi alipita barabarani juu ya gari, amevaa nyeupe toka kichwani mpaka miguuni, anapunga mkono. Hiyo ni biashara inayotembea, na tena ilikuwa inaita wateja. Ntate Pitso mwenyewe ana ndevu nyeupe. Anazipeleka popote apendapo, hata ndani ya wilaya nyingine. Leseni yake iko wapi?

Tena mwezi wa saba, katikati ya baridi yetu, theluji ilianguka. Kanisa lilikuwa jeupe. Kituo cha polisi kilikuwa cheupe. Niliiona ofisi yako kutoka barabarani, Ntate, na paa lake lilikuwa jeupe kuliko yote. Wilaya nzima siku ile ilitangaza pombe kwa mkupuo mmoja. Nilikuja na kopo langu. Nilikuta mlango umefungwa, saa za biashara. Sikukuandikia onyo. Nilikuhurumia.

Kwa hiyo naipa ofisi yako njia mbili, kama nilivyopewa mimi.

Ama uniletee pombe. Halmashauri ndiyo iliyonipa saa, vyoo, jina, kipimo na wateja. Kimebaki kitu kimoja, na si haki kunidai mimi. Ndoo kila Ijumaa itatosha, na bwana afya asipite nayo njiani.

Ama uifute leseni. Uandike kwa mkono wako kwamba gagulo lilikuwa gagulo. Ulirudishe, limefuliwa na kupigwa pasi, nimpelekee shemeji. Mkaguzi asikanyage tena kwangu. Na mlingoti usiguswe na mtu wa serikali wala asiye wa serikali. Hauuzi kitu. Umesimama tu.

La pili ndilo ninalolitaka. La kwanza nimeliweka ili uone kwamba nami naweza kutoa njia mbili.

Nisalimie 'M'e wa dirishani, mwambie anywe maji ya moto kwa kile kikohozi. Msalimie Ntate Khabele na pikipiki yake, nimesikia tairi la nyuma linamsumbua, mlimani si kwa tairi lile. Msalimie bwana afya, mwambie kumbukumbu za ofisi zimeisha. Wasalimie na wa nyumbani kwako wote, hata wale nisiowajua, maana hawajanikosea kitu.

Mimi wako katika mawe,

Lebusa Nthako
Mwenye leseni ya Kwa 'Makhauta (bila kupenda)

Nyongeza. Kabla sijaifunga bahasha, 'Manapo ameingia bila kubisha hodi. Ntate Khabele alifika kwake jana. Kule kitambaa kipo, pombe ipo, wateja wapo, na leseni haijawahi kuwapo toka halmashauri yenyewe haijapata paa. Amepewa zile njia mbili.

Ameisoma leseni yangu ukutani, kidole kikifuata mstari. Akavizunguka vyoo. Akafukuza kuku. Akarudi akaniuliza naandika nini. Nikamsomea barua yote hii. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lebusa, wewe una kila kitu isipokuwa pombe. Mimi sina kitu isipokuwa pombe. Na umekaa hapa unaomba wakunyang'anye. Mwanamume, nani alikuloga?"

Nikamfungulia jiko. Vyungu vyake viko jikoni kwangu toka mchana, na Ntate Pitso ndiye aliyevibeba. Sikujua kama ana mgongo wa kubeba.

Kwa hiyo usiifute. Yote niliyoandika ni kweli, lakini usiyafanyie kazi. Leseni naitaka. Saa za kufungua zitafuatwa, 'Manapo atakuwepo mimi nikiwa machimboni. Kama kuna karatasi ya kuongeza jina la mtu wa pili, ipe Ntate Khabele ailete, atakaribishwa. Shida ya gagulo iko palepale, hiyo ifanyie kazi.

Pombe inaiva Jumamosi. 'Manapo anataka watu wajue mapema: ametoka nje na kitambaa chake, akautazama mlingoti. Umeinama upande wa mto. 'Makhauta alichimba shimo fupi, alikuwa na haraka siku ile. 'Manapo akasema aibu gani hii, akashika jembe aunyooshe. Nikamwambia, pombe ni yako, leseni ni yangu, huo hatuugusi. Akaliweka jembe chini, akanipa kitambaa. "Basi pandisha wewe," akasema, "mimi sifiki."

Nimepandisha.